Hesabu ya Nyanya

Nimeambiwa nijumlishe. Mimi ni karani wa komine,
kazi yangu kujumlisha na kugonga mhuri
juu ya meza iliyolika kwa viwiko vya waliotangulia.

Basi: beseni moja la nyanya, kipimo cha soko la Katuba,
faranga elfu kumi na nane. Hicho ndicho kilichomwagika
asubuhi ile ya Julai, baridi ikiuma masikio,
Diwani Monga aliposema meza imevuka mstari
na mguu wake ukamalizia sentensi.

Mama Kabange Umba hakulia. Aliokota zisizopasuka,
akazifuta vumbi jekundu kwa kitenge, moja moja,
kisha akaja kwangu na karatasi ya daftari, mwandiko wa mwanawe:
upande wa nyuma, saba mara nane;
upande wa mbele, Ninashitaki.
"Miye sitaki makuta," akaniambia.
"Nataka tu aseme, mbele ya bale bamama, kama alikosea."

Nikaandika kwenye rejista: neno moja.
Safu ya thamani nikaiacha wazi.

Baraza likapasuka kama kuni kavu.
Wa Monga: hii ni siasa, nani kamtuma?
Wa ng'ambo: tuchimbe hadi mzizini!
Na wote, ajabu, kwa sauti moja
wakakubaliana kwamba uchunguzi hauendi kwa miguu.

Jumlisha, karani.
Tume ya watu saba, jetoni za vikao kumi na vinne.
Mafuta ya gari, kwenda sokoni,
soko ninaloliona kwa dirisha hili;
nikipiga chafya, wauza ndakala hunipa pole.
Mtaalamu wa kupima mistari, kutoka Likasi, malazi siku sita.
Akapima. Mstari ulifutika tangu mvua za mwaka juzi.
Maji ya chupa. Jenereta,
maana umeme ulikatika katikati ya ushahidi wa mama,
na taa ziliporudi akaombwa aanze upya,
akaanza upya, palepale panapouma.
Wino. Wino tena. Wakili wa diwani: nani amlipe?
Vikao vitatu vya kujadili nani amlipe.

Milioni tisa, laki mbili na elfu arobaini.
Nimekokotoa mara tatu. Haipungui.
Nikagawa pia, kwa ukaidi wangu tu:
mabeseni mia tano na kumi na matatu, na theluthi ya beseni.

Ripoti ina kurasa sitini na moja.
Wa mwisho ulichapwa wino ukikata roho;
kinachosomeka ni "kwa hiyo" na "siku za usoni."
Monga anasema gharama hii ni aibu, mshitaki airudishe.
Wapinzani wake wanasema aibu ni yeye, airudishe yeye.
Bugumestre, mtu asiyependa kelele, amepata njia:
tiketi ya soko, kuanzia Jumatatu,
itaongezwa faranga mia mbili kwa kila meza.

Tangazo nimelichapa mimi.

Na kwa kuwa nimeambiwa nijumlishe vyote,
naongeza hapa chini, kwa kalamu ya risasi,
mstari ambao hakuna aliyeniomba:
karani, jetoni za vikao kumi na vinne, zimepokelewa, zimesainiwa.
Viatu vya shule vya Mujinga, jozi moja, vyeusi.
Vinamkaa vizuri.

Siku hizi napita nyuma, kwa wauza makala,
njia ndefu, narudi nyumbani na masizi kwenye kola.
Jana aliniona hata hivyo. Alikuwa amekatiwa tiketi,
akaninyooshea kikaratasi kile, herufi ndogo, macho yake hayazifikii.
"Hii mia mbili ni ya nini, karani?"

Nikaipokea. Nikaisoma mara tatu,
kama mtu anayejumlisha.